Pana Wenyewe

Karibu na kijiji cha Kolo, wilayani Kondoa, kuna mwamba ambao wazee huenda kuutambikia mvua ikigoma. Mbuzi huchinjwa, na pombe ya kienyeji hunyunyizwa kwenye jiwe lilelile lenye michoro myekundu ya watu na wanyama, kazi ya watu wa kale ambao hata majina yao hatuna. Mahali hapo panaitwa Mongomi wa Kolo. Tangu 2006 pamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na mapango na miamba mingine zaidi ya 150 ya ukanda huo. Mhifadhi akiona pombe inachuruzika juu ya mchoro, roho inamruka. Mzee wa Kirangi naye anashangaa: mgeni analipa kiingilio, anapiga picha na kuagwa kwa heshima, halafu yeye ambaye babu yake alitambika hapo anaitwa mharibifu.

Naanza na ugomvi huo kwa sababu unanitia mashaka na matoleo kama hili letu. Kila baada ya muda mhariri fulani huzinduka kwamba Tanzania haiishii Serengeti, Kilimanjaro na fukwe za Nungwi, akaandaa kurasa za vivutio ambavyo watalii hawavifikii. Picha huwa nzuri, kilomita hutajwa, na watu wa pale huonekana kwa mbali wakichunga ng'ombe. Mimi nasema sehemu hizi zote zina wenyewe, na mara nyingi kile wanachokifanya pale ndicho hasa cha kukifungia safari.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale, iliyotungwa 1964, haijalitazama jambo hili hivyo. Kipimo chake kikubwa ni umri: kilichojengwa au kutengenezwa kabla ya 1863 kinalindwa kwa kuwa ni cha kale. Kuhusu tambiko litakalofanyika wiki ijayo haina la kusema. Mtafiti Emmanuel Bwasiri ameandika juu ya Mongomi na kulionyesha pengo hilo waziwazi: jiwe lina ulinzi, imani iliyolifanya liheshimiwe miaka yote haina.

Na hata hao wanaosoma mawe kwa taaluma hawajakubaliana wanachokiona. Mary Leakey alipiga kambi Kondoa mwaka 1951 akinakili michoro. Mmoja una watu watano wembamba, warefu kupita kiasi. Wa katikati ameshikwa mikono, wawili upande huu na wawili upande ule, na baadhi ya washikaji wana vichwa vya ajabu, kama waliovaa vinyago. Leakey akasema huyu ni mwanamke anatekwa. Waliokuja baadaye, wakiwa wameshatazama ngoma za Wasandawe, wakasema hapana, hawa wanacheza na kupandisha, na aliyeshikwa anashikwa asije akaanguka. Mimi naelemea upande wa pili, ingawa sina cheti cha akiolojia. Walioona ngoma ya kupandisha walikuwa wamekaa na majirani wa mwamba ule, na hilo kwangu lina uzito.

Bujora hakuna mvutano wa namna hiyo, kwa sababu padri aliyeanzisha mambo pale aliwaachia wenyewe nafasi tangu mwanzo. Ni mwendo mfupi kutoka Mwanza, unaacha barabara ya Musoma pale Kisesa na kupanda kilima chenye mawe makubwa. David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alianza kujenga hapo miaka ya 1950. Kanisa ni la duara kama nyumba ya Kisukuma, na altare imechongwa kwa mfano wa kiti cha mtemi. Jirani na kanisa kuna makumbusho yenye ngoma za watemi. Wapo waliodhani utamaduni ukishaingizwa makumbusho umekwisha. Waende mwezi wa Juni.

Sikukuu ya Ekaristi, ambayo Wasukuma wanaiita Bulabo, ilianza kama maandamano ya kanisa ikageuka uwanja wa mashindano ya ngoma. Wachezaji wamegawanyika katika vyama viwili vikongwe, Bagika na Bagalu, na utani wao ni wa kizazi kwa kizazi. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja. Majaji wa kukaa mezani na karatasi hawahitajiki. Watazamaji wenyewe hutembea kuelekea wanakovutiwa, na kundi lililobaki na watu wachache limeshindwa mchana kweupe. Ndiyo maana kila mbinu hutumika: majembe ya ngoma ya bugobogobo yanarushwa hewani na kudakwa, Wayeye, wacheza nyoka, wanaleta chatu, na dawa za kuvuta watu zinasemwa wazi bila aibu, hatua chache kutoka mlango wa kanisa. Ukifika Bujora mwezi wa Agosti utaona vitu vizuri. Ukifika siku ya Bulabo utalazimika kuchagua upande.

Kalenda, basi, ina kazi kuliko ramani. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kwa nje ni msikiti wa kijiji wenye paa la bati. Ndani, ukutani upande wa kibla, kuna maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Jengo limejengwa upya karne nyingi baada ya hapo, na watu bado wanaswali humo. Mgeni anayetaka kuingia aulize kwanza, avae kwa heshima, na asije saa ya swala akidhani kiingilio kimemnunulia nafasi.

Tendaguru, bara ya Lindi, ni kisa kingine, na kinaniuma zaidi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya dinosaria wa miaka milioni 150 iliyopita. Wachimbaji kwa mamia walikuwa watu wa huku, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani, fundi ambaye wanasayansi wenyewe walimtegemea. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, ikasafirishwa Berlin. Huko mnyama mmoja amesimamishwa, kimo chake mita 13 na zaidi, na watu hupanga foleni kumtazama. Anayefika Tendaguru leo anakuta kilima, nyasi na miti. Pasipo msimulizi hapo hapana cha kuona, na msimulizi huyo hatujamwandaa. Mjadala wa kurudisha mifupa una mahali pake, lakini kumfundisha kijana wa kijijini kusimulia kazi ya Boheti hakuhitaji ruhusa ya Berlin.

Wenyewe nao si malaika, tusidanganyane. Kwenye uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, watu walichimba viazi vya okidi kwa magunia na kuvivusha Zambia, ambako vinapikwa chikanda. Hifadhi ya taifa ilipotangazwa 2005, serikali haikuwa ikionea mtu. Maua yalikuwa yanakwisha. Hivyo sisemi kila mahali paachiwe wazee. Nasema mwenye mahali aitwe mezani kabla ya bango la kiingilio kusimikwa, na sehemu ya kiingilio hicho ionekane kijijini kwake. Wanawake wa Kikisi kule Ikombe, ziwa Nyasa, hawakusubiri bango: wanafinyanga vyungu, wanavipakia kwenye mitumbwi, na kila Jumamosi wako gulioni Lyulilo, karibu na Matema. Mtalii akifika anauziwa kama mteja mwingine yeyote.

Kwa hiyo makala za toleo hili zimeandikwa kwa utaratibu ambao baadhi ya wasomaji hawataupenda. Kila moja inaanza kwa kueleza nani wa kumwona na mahali hapo pana shughuli lini. Umbali na hali ya barabara vinafuata. Bei za hoteli hatukuziweka.