Barua ya wazi kwa Gavana wa Kwale: Mkunga asiachiwe binti peke yake

Kwa Mheshimiwa Fatuma Achani,
Gavana wa Kaunti ya Kwale.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Gazi kuhusu mabinti wetu wanaoshika mimba wakiwa bado wanafunzi, na zaidi kuhusu mtu ambaye jambo hili likizungumzwa hadharani hatajwi: mkunga anayewapokea. Mikutano juu ya mimba za mapema tumekaa mingi huku Msambweni. Machifu wamesema, mashehe wamesema, mashirika yamegawa fulana zenye maandishi mgongoni. Disko matanga, zile ngoma za usiku msibani, zimelaumiwa, vijana wa bodaboda wamelaumiwa, na akina mama wamelaumiwa kuliko wote. Kwenye lawama sina la kuongeza. Nataka tuzungumze juu ya yale yanayofuata, maana mimba ikishaingia haingoji kikao.

Nianze kwa haki. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta kuwa asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Mwaka 2014 ilikuwa asilimia 18. Imeshuka, tushukuru. Lakini asilimia haiendi leba. Anayekwenda ni binti mmoja mmoja, mara nyingi usiku.

Tazama anavyokuja kliniki. Asubuhi benchi limejaa wanawake wenye ndoa zao, leso mbilimbili, vitabu vya kliniki mapajani, mazungumzo yamekolea. Yeye saa hiyo haji. Huja alasiri, benchi likishakuwa tupu, buibui limemfika viatuni na chini yake ana sketi ya shule. Kafuatana na shangazi au na rafiki, si mama yake. Tumbo lina miezi sita au saba, kwa kuwa miezi yote ya mwanzo aliimaliza akilificha. Akikutana na muuguzi wa kumwuliza kwa sauti inayosikika hadi dirishani, "Mumeo yuko wapi?", hugeuka akaenda zake. Kuonana tena ni siku ya uchungu.

Na miezi hiyo iliyopotea ina thamani yake. Pwani yetu ni ukanda wa malaria, na malaria humwandama zaidi mwenye mimba ya kwanza. Ndiyo sababu kliniki humpa mjamzito dawa ya SP kuanzia mwezi wa nne, dozi kwa dozi, kila moja ikipishana na nyenzake kwa mwezi mmoja au zaidi, pamoja na chandarua na vidonge vya kuongeza damu. Anayefika na miezi saba atawahi dozi moja au mbili tu. Presha yake haijulikani ilikuwaje mwanzo, damu haijulikani ilikuwa ngapi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mama wa miaka 10 hadi 19 yuko katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi ya baada ya kujifungua kuliko mwanamke wa miaka 20 hadi 24. Tena nyonga ya mtoto wa miaka 14 bado inakua. Uchungu ukikwama na ambulensi ikachelewa, hapo ndipo fistula inapopatikana, na hapo ndipo tunapozika.

Sasa mweke mkunga katikati ya haya. Kwenye vituo vidogo zamu ya usiku ni mtu mmoja. Mtu huyo anapaswa kusikiliza moyo wa mtoto tumboni kila nusu saa na kuandika kwenye chati ya uchungu, huku mama wa kitanda cha pili yuko karibu kusukuma na wa tatu amefika mlangoni juu ya bodaboda. Binti wa miaka 15 haogopi kama anavyoogopa mtu mzima. Anapiga mayowe, anashuka kitandani, anabana miguu asipimwe, anamwita mama yake aliyekaa nje kwa hasira na aibu, asiyetaka kuingia. Binti huyo anataka mtu wa kukaa naye, amshike mkono na kumweleza kila jambo kabla hajaguswa. Mkunga analijua hilo vizuri, kasomea. Nafasi ndiyo hana. Basi sauti hupanda, na wapo, tusifichane, wanaotukana. "Ulipokuwa ukifanya hukulia" ni maneno yaliyosikika katika vyumba vingi vya kujifungulia nchini mwetu. Binti aliyeambiwa hivyo huwasimulia wenzake, na mwenzake akishika mimba huzalia nyumbani. Simtetei mwenye kutukana. Ila nasema ugonjwa huu hautibiwi kwa semina ya siku mbili katika hoteli ya Diani. Unatibiwa kwa kuweka mkunga wa pili kwenye zamu.

Kisha kuna jambo zito kuliko hilo, nawe kwa kuwa ni mwanasheria walijua zaidi yangu. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa. Anayempa mimba mtoto wa miaka 12 hadi 15 hukumu yake ni kifungo kisichopungua miaka 20. Akiwa na 16 au 17, kisichopungua miaka 15. Maana yake, kila kitabu cha kliniki ambacho mkunga anamfungulia binti wa umri huo ni ushahidi wa kosa la jinai. Aripoti? Mama wa binti anamshika mkono: "Mwanangu, usiandike, watu wameshakaa wakaelewana." Maslaha, yaani mapatano nje ya mahakama, yameshafanyika, pesa zimeshapokewa, na mtuhumiwa ni ndugu wa jirani yake mkunga mwenyewe. Akiripoti, habari zinatembea, na mwezi ujao mabinti wengine hawaonekani kliniki. Asiporipoti, mwanamume mzima anabaki mtaani akitafuta mwingine. Na mara nyingine aliyempa mimba ni mvulana wa miaka 17 wa darasa moja naye, jambo ambalo sheria yetu bado inalisumbukia mahakamani.

Msimamo wangu sitauficha: maslaha juu ya mtoto aliyepewa mimba na mtu mzima ni haramu kwangu, hata yakifanywa na wazee ninaowaheshimu. Lakini anayestahili kulibeba jalada ni afisa wa watoto na polisi. Mkunga aliyepanga chumba mtaa huohuo, anayerudi kwake usiku kwa miguu, tumemtwika mzigo wa askari bila kumpa hata mlinzi wa lango.

Juu ya hayo kuna malipo. Linda Mama, mpango wa serikali wa kujifungua bila malipo ulioanza 2016, ulituzoesha kwamba mama akifika anapokewa. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF imeondoka, imekuja SHA, na usajili huanzia kwenye kitambulisho. Binti wa miaka 15 hana kitambulisho. Huandikwa chini ya mzazi. Na aliyefukuzwa na babake kwa sababu ya mimba hiyohiyo aandikwe chini ya nani? Anayeulizwa swali hili saa nane za usiku ni mkunga tena, binti akiwa ameshafungua njia. Najua SHA ni ya serikali kuu. Lakini afya tangu 2013 iko mikononi mwa kaunti, na kaunti ina uwezo wa kuamuru kwamba mtoto aliye katika uchungu hudumiwa kwanza, makaratasi yafuate.

Mheshimiwa, watu wa Gazi hawana haja ya kufundishwa hesabu. Tangu 2013, kwa mradi wa Mikoko Pamoja, kijiji hiki na jirani zetu wa Makongeni tumekuwa tukiuza kaboni ya hekta 117 za mikoko, na mwaka 2017 tukapewa Tuzo ya Ikweta. Fedha zikija watu hukaa wakaamua: maji, vitabu vya shule. Watafiti hushuka bahari ikitoka wakapima unene wa mkoko mmoja mmoja na kuandika. Ya mabinti hayajaandikwa hivyo. Mkunga ana rejista yake, mwalimu mkuu ana yake, chifu ana yake, na rejista hizo tatu hazijawahi kulala meza moja. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unampa binti haki ya kurudi shule baada ya kujifungua. Hata kabla yake, tangu 1994, sera ilikuwa hivyo. Lakini mwalimu haambiwi ni lini amejifungua, na mkunga haulizwi ni shule gani. Mtoto wa watu anakaa nyumbani, anaanza kuuza maandazi, yamekwisha.

Hatuombi jengo jipya la kufunguliwa kwa utepe. Tunaomba wakunga wawili usiku katika kila kituo kinachozalisha, kabla hamjanunua kitu kingine chochote. Tunaomba alasiri moja kwa wiki iwe ya wasichana peke yao, baada ya saa za shule, mlango wake tofauti ikiwezekana, na kila mwenye kuhudumu siku hiyo awe amefunzwa na amekubali mwenyewe. Afisa wa ustawi wa jamii awekwe katika hospitali ya rufaa ya Msambweni, apigiwe simu na zahanati zote za ukanda huu mara tu binti wa chini ya miaka 18 anapofungua kitabu, naye ndiye aende kwa afisa wa watoto, polisi na mwalimu mkuu. Na bibi zetu waliokuwa wakizalisha majumbani msiwafukuze tu. Kila nyumba wanaijua, na binti huwaambia wao kabla ya kumwambia mamake. Wapewe kazi ya kumsindikiza binti kliniki na kukaa naye leba, wakishirikiana na wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa 2023, na walipwe nauli. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi haiwezi kuishinda kaunti.

Makadirio ya bajeti yanapaswa kupitishwa na bunge la kaunti kabla ya Juni 30. Tunaomba jibu lako kwa maandishi kabla ya siku hiyo, libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya chifu ili kila mtu alisome, likieleza ni wakunga wangapi wataajiriwa, watapangiwa vituo gani, na kuanzia mwezi gani.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Gazi, Msambweni