Ukienda dabi Dar, usilale ulikoshukia basi

Kila dabi ya Kariakoo inapokaribia, simu yangu inageuka ofisi ya utalii. Vijana wa Nyahanga wanajua mimi ni mtu wa kwenda na kurudi Dar kwa ajili ya mpira, basi swali ni lile lile: "Kaka, tukifika tulale wapi?" Juzi kaniuliza fundi pikipiki wa mtaani kwetu, Yanga wa kulia machozi. Ana hela ya siku mbili tu. Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe: "Si pale pale Mbezi tunaposhukia? Asubuhi natoka kitandani naingia kwenye basi."

Nikamwambia hapana. Na kwa kuwa wenye wazo kama lake ni wengi, acha nieleze hapa mara moja, maana mimi kosa hilo nimeshalifanya na bado linaniuma.

Tarehe 8 Mei 2021 nilikuwa bado mwanafunzi wa diploma. Simba na Yanga zilipangwa kucheza saa 11 jioni. Kutoka Kahama hadi Dar ni karibu kilomita 1,000, unapita Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, na ukishuka hapo mwili wako unataka kitanda cha karibu kuliko vyote. Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis kilikuwa kipya, kimefunguliwa Februari mwaka ule ule. Nikaona gesti iko hatua chache, bei nafuu, mashuka masafi. Nikalipa, nikatupa begi, nikaenda zangu kwa Mkapa nikijiona mtoto wa mjini.

Waliokuwepo wanakumbuka. Mchana ule ukatangazwa muda mpya, saa 1 usiku. Yanga wakaja kwa muda wa zamani, wakapasha misuli, wakaondoka. Simba wakaja kwa muda mpya. Mpira haukuchezwa. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, na jamaa niliyekwenda naye alifuturu jukwaani kwa maji na karanga akisubiri mechi ambayo haikuwepo.

Sasa tutoke pale usiku, maelfu ya watu wenye hasira, turudi Mbezi. Uwanja uko Temeke. Mbezi iko upande mwingine kabisa wa jiji, nje kidogo, njia ya Morogoro. Daladala zilizokuja zilijaa kabla hazijasimama. Bodaboda akatutajia bei ambayo ni zaidi ya chumba. Tukatembea, tukadandia, tukashushwa Buguruni, tukadandia tena. Tulifika saa 7 usiku, mlango wa gesti umefungwa kwa ndani, mlinzi amelala usingizi wa pono. Jamaa yangu alipoteza simu njiani na mpaka leo hajui ni wapi.

Mechi yenyewe ilikuja kuchezwa Julai 3, Yanga wakashinda 1-0, bao la Zawadi Mauya. Nililiona bao hilo kwenye banda umiza hapa Nyahanga. Hela ya kurudi Dar ningeitoa wapi?

Tangu siku ile nina kipimo kimoja tu cha kuchagua gesti ya dabi. Sianzi na bei, sianzi na televisheni ukutani. Najiuliza: daladala zote zikigoma saa 4 usiku, nitafika kitandani kwa miguu yangu? Kama jibu ni hapana, hiyo gesti ni ya safari nyingine.

Ukipima hivyo, jiji linajichuja lenyewe. Mbezi na Kimara zinaondoka. Sinza na Mwenge, ambako wengi wetu tuna shemeji wa kutupokea, zinaondoka. Hata Manzese, yenye gesti kila kona, iko mbali kwa mtu aliyesimama jukwaani tangu saa 6 mchana. Zinabaki Temeke yenyewe, Chang'ombe, Keko, na kwa mwenye miguu ya mpira, Kariakoo.

Najua watu wa Kariakoo watanirukia, kwamba nimewaweka mwisho. Hoja yao naijua na ina nguvu. Makao makuu ya klabu zote mbili yako huko, Simba mtaa wa Msimbazi, Yanga kule Twiga na Jangwani. Usiku wa kuamkia dabi ndiko mji unakopumulia. Kama hujawahi kusimama Msimbazi saa 5 usiku ukasikiliza watu wakipanga kikosi cha kocha, hujaenda dabi, umeenda uwanjani tu. Halafu tuambiane ukweli, shabiki wa Kahama haendi Dar kuangalia mpira peke yake. Mwenye duka anafuata mzigo wa jumla. Fundi wangu wa pikipiki ana orodha ya spea ndefu kuliko kikosi cha akiba. Mtu wa namna hiyo akilala Temeke, Jumapili asubuhi atabeba mabox juu chini.

Na kuna jambo jipya linaloipa Kariakoo pointi. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma katikati ya mwaka 2024, wapo wanaopanda basi Kahama hadi Dodoma, kisha wanaingia kwenye treni. Treni inakushusha Stesheni, katikati ya jiji, na kutoka pale Kariakoo ni pua na mdomo. Reli ikifika Isaka, hapa mlangoni kwetu, mambo ya kushuka Mbezi miguu imevimba tutawasimulia watoto.

Kwa hiyo mwenye mzigo wa kununua, au anayefika kwa treni, alale Kariakoo. Asisahau tu kwamba baada ya mechi atatembea kupitia Chang'ombe na Keko, zaidi ya saa moja, pamoja na umati. Anayekwenda kwa ajili ya mpira tu alale upande wa uwanja.

Hili la kulala mbali si ushamba wa watu wa mikoani. Juni 10, 2023 Manchester City waliwafunga Inter 1-0 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya pale Istanbul. Uwanja wa Atatürk uko pembezoni mwa mji, na mashabiki wengi walikuwa wamechukua hoteli katikati. Malalamiko yao yalikuwa haya haya: foleni, mabasi, saa zinakatika barabarani. Wale wana hela kuliko sisi, na bado kitanda kiliwashinda.

Kosa langu la pili nalo nilisimulie, maana hili ndilo linalokula hela.

Machi 2025 nikajiona mjanja. Nikapata gesti Temeke, kutembea kidogo tu hadi geti la uwanja. Nikapiga simu wiki moja kabla, nikatuma hela ya siku tatu kwa mkupuo, ili nisije nikaambiwa chumba kimechukuliwa. Nilikuwa na mzee mmoja wa mtaani kwetu, Simba wa tangu enzi za redio ya mkulima. Mzee alikuwa hajawahi kuiona dabi kwa macho yake. Aliuza magunia mawili ya mchele ili aje, na nyumbani walijua anakwenda kumwona daktari.

Mnajua kilichotokea tarehe 8 ile. Simba walitoa taarifa kwamba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku uliotangulia, na kwamba hawatacheza. Mchana ligi ikaahirisha mechi. Yanga wakaenda uwanjani hivyo hivyo. Sisi tukabaki na tiketi mkononi na siku mbili zilizolipiwa kwenye gesti ya watu.

Nikaenda mapokezi kuomba nirudishiwe hata ya siku moja. Dada wa mapokezi akanitazama kwa huruma, akasema, "Kaka yangu, mpira wenu umeahirishwa. Chumba changu hakijaahirishwa." Na kwa kweli alikuwa sahihi. Wapo waliompigia simu wakitaka chumba kile, akawakatalia kwa sababu yangu.

Mechi ikawa kiporo mpaka Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Mzee hakwenda. Mchele ulikuwa umeshauzwa.

Mechi inaweza kuwa kiporo, kitanda hakiwi kiporo. Ndani ya miaka minne dabi imekufa siku yenyewe ya mchezo mara mbili, watu wakiwa wameshafika. Anayesema haitatokea tena ana imani kubwa kuliko yangu. Kwa hiyo siku hizi nalipa usiku wa kwanza tu. Nikifika, nikaona chumba, nikajua mpira upo, ndipo naongeza. Ndiyo, kuna hatari ya kunyang'anywa, hasa wikiendi ya dabi ambapo baadhi ya wenye gesti wanapenda wateja wa saa mbili mbili kuliko mgeni wa kulala. Dawa yake ni kufika mapema, Ijumaa asubuhi na si Jumamosi, na kuzungumza na mtu mmoja kwa jina, yule yule, kila unapopiga.

Kuna mambo ambayo sisi wanaume hatuyaulizi kabisa, nimeyajifunza kwa dada mmoja muuza mitumba wa hapa kwetu, Simba damu damu, anayekwenda dabi kuliko mimi. Yeye anauliza mlango unafungwa na kitasa au komeo, nani yuko mapokezi usiku, na chini kuna baa au hakuna. Akikuta baa, anaondoka. Mimi niliwahi kulala juu ya spika mpaka saa 10 alfajiri, halafu nikaandika ripoti ya mechi ambayo mhariri wangu aliniuliza kama niliiona.

Wapo watakaosema, gesti ya nini? Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, si unamaliza mpira unapanda gari? Nimejaribu. Ni kweli inaokoa hela ya usiku mmoja, lakini lazima ufike Mbezi kwa wakati, na tumeshaona Mbezi baada ya dabi ikoje. Mechi ikianza usiku, hesabu hiyo haipo kabisa.

Ninaowalaumu zaidi ni viongozi wa matawi yetu. Tawi linachangisha kwa ajili ya basi, ngoma, vuvuzela na fulana zenye picha ya mwenyekiti. Kitanda hakimo kwenye kikao. Watu wazima, wengine wana sukari na presha, wanasafiri karibu kilomita 1,000, wanalala kwenye viti vya basi nje ya uwanja, wanaoga kwa kulipia choo cha jirani, kisha wanarudi usiku ule ule na dereva yule yule ambaye naye hakulala. Hilo la dereva ndilo linanitisha. Watu 50 wakienda pamoja kwa mwenye gesti mmoja wa Keko wana sauti. Wanaweza kukubaliana bei mapema, wakakubaliana pia kwamba mechi ikiahirishwa siku ya pili hailipwi. Mtu mmoja kama mimi akiomba hivyo anachekwa. Hamsini hawachekwi.

Na waanze sasa. AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Wageni wenye dola wakianza kupiga simu Chang'ombe, sisi wa Nyahanga tutapewa bei ya kututoa mbio kama hatujajuana na wenye vyumba mapema.

Fundi wangu ameshapata gesti Keko. Amelipa usiku mmoja, spea atanunua Ijumaa akishuka tu. Jana kanipigia tena, anataka nimhakikishie kwamba mechi itachezwa. Hapo nimemwambia aulize wengine.