Eti Dar hakuna cha kuona!

Nina ugomvi na watu wa mji huu, na leo nautoa hadharani. Mwenye hasira za karibu anywe maji ya baridi kwanza ndio aendelee kusoma.

Wakwe zangu, yaani baba na mama wa mke wangu, wamekuja kututembelea kutoka Hamburg, Ujerumani. Wiki mbili, na ni mara yao ya kwanza kukanyaga Afrika. Kwetu mnajua mkwe ni mtu wa namna gani. Humpitishi popote tu, huropoki mbele yake, na akirudi kwake ndiye atakayewasimulia ndugu zake binti yao kaolewa wapi. Kwa hiyo kabla hawajatua nikaanza kuuliza niwapeleke wapi. Nikauliza ofisini, nikauliza kijiweni, nikampigia mjomba, nikamuuliza hata dereva wa bajaji anayenibeba kila asubuhi. Jibu lilikuwa moja kama vile walikaa kikao: wapeleke Zanzibar, Dar hamna kitu.

Hamna kitu! Jiji ambalo sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728, halina kitu. Na wanaosema hivyo si wageni. Ni watu waliozaliwa Ilala, wakasoma Ilala, wakaoa Temeke, wana digrii, wanalipwa mshahara hapa hapa. Mjomba yeye alikwenda mbali zaidi. Alisema nikiwapitisha wakwe Kariakoo nitakuwa nimeiaibisha familia, bora niwapeleke kwenye yale maduka makubwa ya vioo "waone na sisi tumeendelea". Sasa jamani, mtu katoka Hamburg, mjini kwake maduka ya vioo yamejaa kila kona, kapanda ndege saa zote hizo, halafu mimi nimwonyeshe ngazi za umeme?

Sina kinyongo na Zanzibar. Wamekwenda, siku tatu, wamerudi weusi kidogo na wamefurahi. Ugomvi wangu ni ile tabia ya kulifanya jiji zima kuwa ukumbi wa kusubiria boti. Mgeni anatua uwanja wa ndege, analazwa usiku mmoja, asubuhi anakimbizwa bandarini au anarudishwa uwanjani kwenda kuangalia simba. Fungua kurasa za utalii za magazeti yetu, simba yupo pale kila wiki, mpaka nadhani sasa anadai posho.

Basi mimi nikafanya kinyume. Siku ya kwanza niliwapeleka posta, kwenye sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na Azikiwe. Wengi wetu tunaijua kama mahali pa kushukia. Ni askari wa shaba, kashika bunduki, singe imeelekea bandarini. Waingereza waliizindua mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na maneno yake yametungwa na Rudyard Kipling. Hayo nikayasema, mke wangu akatafsiri. Baba mkwe akatulia kidogo, halafu akauliza: "Na Wissmann alikuwa wapi?"

Hebu sikilizeni hii habari. Kabla ya huyu askari, Wajerumani walikuwa na sanamu yao mjini hapa, waliyoizindua mwaka 1909. Ilikuwa ya Hermann von Wissmann, yule aliyeongoza majeshi dhidi ya Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani Desemba 1889. Wissmann alisimama juu kwa madaha, na chini miguuni pake alichongwa askari Mwafrika akimfunika simba kwa bendera ya Kijerumani. Vita ilipofika Waingereza wakaing'oa, wakaipeleka Uingereza kama ngawira. Mwaka 1921 ikarudishwa kwa Wajerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Ikakaa hapo mpaka wanafunzi walipoiangusha kwa kamba mwaka 1967, ikasimamishwa tena, wakaiangusha tena 1968. Haikurudishwa. Baba mkwe wakati huo alikuwa kijana mdogo mjini hapo hapo, na ugomvi ule anaukumbuka.

Kwa maneno mengine, kipande cha Dar es Salaam kilizua vurugu Hamburg, watu wakagombana juu ya nani aheshimiwe na nani aangushwe, na huku kwetu mtu anayepita hapo mara mbili kwa siku akienda kazini hana habari. Nimewahi kusikia wazee wa mjini wakiiita sanamu yetu "sanamu ya Bismini". Nilipomtajia baba mkwe jina hilo alilirudia mara mbili taratibu, kisha akasema: "Wissmann?" Mzee wa Kijerumani, siku yake ya kwanza mjini, anakisia asili ya neno la Kiswahili cha Gerezani. Nyie mnaniambia hamna kitu.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza swali gumu zaidi. Huyu askari wa shaba alipigania upande gani? Jibu la haraka ni upande wa Mwingereza, maana ndiye aliyetoa pesa ya shaba. Lakini maelfu ya watu wa nchi hii walibeba bunduki na mizigo upande wa pili, kwa Lettow-Vorbeck, wakazunguka naye mpaka Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini. Mama mkwe akasema huko Hamburg, sehemu inayoitwa Jenfeld, kuna michongo ya askari na wapagazi hao iliyowekwa enzi za Hitler kwenye kambi ya jeshi, na kwamba watu wamebishana miaka mingi iachwe au ifichwe. Sura za babu zetu zimekuwa hoja huko kwao. Hapa kwetu ni alama ya kukutania: "nipo hapo Askari, umevaa shati gani?"

Kutoka hapo tukapanda mwendokasi kwenda Kariakoo. Ndiyo mjomba, Kariakoo. Tena ukitaka kuelewa sanamu ya posta lazima ufike huko, maana jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi eneo hilo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi si kwa risasi bali kwa maradhi, njaa na mizigo. Wakati kule posta wana mtu mmoja wa shaba, huku jina lao linatajwa na makondakta na wamachinga kutwa nzima bila mtu kujua anamtaja nani. Na lile soko kuu, lenye paa la zege mithili ya miavuli mikubwa iliyopinduliwa, alilibuni Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Lilikamilika katikati ya miaka ya 1970. Miavuli ile si mapambo. Inakinga maji ya mvua na kuyashusha chini, na inaacha hewa ipite mahali ambapo joto lingewaua watu. Julai 2021 soko liliungua, likabidi lifanyiwe ukarabati mkubwa. Mama mkwe alikaa anaangalia lile paa mpaka shingo ikamuuma. Alinunua pia vitenge viwili, akapigwa bei, akajua kapigwa, akacheka.

Joto lilikuwepo. Foleni ilikuwepo. Kijana mmoja alitufuata na miwani ya jua kutoka Msimbazi mpaka Uhuru, hatukununua, naye hakukata tamaa. Nani kasema mgeni lazima aoneshwe mji uliopigwa pasi? Hamburg nayo ni mji wa bandari. Baba mkwe kafanya kazi gatini miaka zaidi ya 30, na harufu ya Feri, pale soko la samaki, ilimfurahisha kuliko hoteli. Alikunywa supu ya pweza amesimama, kama sisi. Tulivuka na kivuko kwenda Kigamboni na kurudi, bila shughuli yoyote ng'ambo, kwa ajili ya kuliangalia lango la bandari tu. Alipotoa kamera, jamaa mmoja mwenye sare akamfokea airudishe mfukoni. Nikamuuliza kwa nini, akasema hairuhusiwi. Nikamuuliza nani hakuruhusu, akaniambia niache ujuaji. Lango hilo hilo mtu yeyote analiona kwenye intaneti, limepigwa kutoka angani mpaka unahesabu boti. Ila mstaafu wa bandari akitaka kumbukumbu ya kumwonyesha mjukuu, huyo ndiye hatari kwa taifa.

Makumbusho ya Taifa tulikwenda, fuvu la Zinjanthropus tulisimuliwa, wakwe wakalipa kiingilio cha wageni na mimi cha wenyeji. Hilo naliunga mkono kabisa, msinitafutie ugomvi mwingine. Magomeni tulifika kwenye nyumba aliyoishi Mwalimu miaka ya 1950 wakati TANU bado changa. Ni nyumba ya kawaida, mlango unatazama mtaa, majirani wanaanika nguo. Baba mkwe akauliza kama ni kweli rais wa kwanza alitokea hapo. Ni kweli.

Sasa nije kwenye kinachoniuma, kwa sababu wapo watakaosema haya ni mambo ya kujifurahisha na wakwe. Kauli ya "hamna kitu" ina gharama. Tulipita mitaa ya Uhindini, zile nyumba za ghorofa moja au mbili, duka chini, roshani juu, tarehe ya kujengwa imechongwa pajini. Nilitaka kuwaonyesha nyumba moja ninayoipenda tangu nikiwa chuo. Tukakuta mabati, shimo, na picha ya ghorofa refu litakalojengwa. Mama mkwe akauliza kama sheria inaruhusu.

Sheria yetu ya mambo ya kale ni ya mwaka 1964, na imewahi kurekebishwa. Inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa chukua kalamu. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu miaka hiyo hiyo ya 1860, na Boma la Kale, lile la mawe ya matumbawe pale Sokoine Drive, limejengwa baada ya 1863. Kanisa la Azania Front na lile la Mtakatifu Joseph yalikamilika 1902. Kwa mstari huo wa 1863, karibu mji wote wa Dar es Salaam uko nje ya ulinzi huo. Jengo lolote la baadaye linategemea waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali, moja baada ya jingine. Waziri atalitangaza vipi jengo ambalo hata wanaopita mbele yake wanaapa kwamba si kitu?

Na tunajua inawezekana. Boma hilo la Kale lilikarabatiwa, na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa kituo cha urithi wa majengo ya mji. Unaingia, unakuta picha na maelezo ya jinsi Dar ilivyokua kutoka mji wa Sultani mpaka leo. Ukipanda juu unaiona bandari, tena huko hakuna wa kukufokea. Siku tuliyokwenda tulikuwa wanne: wakwe, mke wangu na mimi. Nilikaa kitambo nikisubiri aje hata mwanafunzi mmoja kutoroka jua. Hakuja mtu.

Nasikia wengine mnaniambia: we mwandishi, watu wanatafuta ugali, wewe unaleta habari za mapaa. Sawa. Lakini mwenye ghorofa refu hatafuti ugali, na huyo ndiye anayefaidi tukisema hamna kitu. Akina mama lishe waliokuwa wanapika kwenye baraza ya ile nyumba iliyovunjwa ndio walioupoteza huo ugali. Niliwauliza wamehamia wapi. Mmoja yuko nyuma ya mabati, ananunua maji kwa ndoo, wateja wake wa zamani hawamwoni kutoka barabarani.

Wakwe wanaondoka Jumapili. Ombi langu kwa wanaohusika na mji ni dogo mno. Wekeni kibao pale posta, kwa Kiswahili, kieleze kuwa kabla ya huyu askari kulikuwa na Wissmann mjini hapa, kwamba leo hasimami popote, na kwa nini. Wekeni kingine Kariakoo chenye jina la Beda Amuli, herufi kubwa, mtu asome akiwa ndani ya daladala. Bati, rangi, na fundi mmoja wa maandishi. Mafundi wapo kibao Mtaa wa Congo, hata kesho asubuhi.