Fomu ya afya siyo karatasi ya kugongewa mhuri (Sehemu ya 4)

Sehemu zilizopita tuliongelea chanjo, kuharisha na homa za hapa kwetu bondeni. Leo nawaacha wachanga kidogo, naongelea watoto wa kwenda shule. Desemba imeingia, na hapa Mombo nyumba nyingi wimbo ni mmoja: usaili, ada, sare, tranka, godoro.

Naanza na ninachoamini, halafu mtanijibu. Naamini tunaandaa kichwa cha mtoto na kuusahau mwili uliokibeba hicho kichwa. Mtoto kamaliza mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa, hata wiki hajapumzika, kaingizwa twisheni ya Hisabati na Kiingereza ili apite usaili wa shule za juu huko, Kifungilo, Mazinde Juu, seminari ya Soni na nyinginezo. Sina ugomvi na hilo. Mtoto aliyesoma miaka 7 kwa Kiswahili halafu anaenda kufundishwa kila kitu kwa Kiingereza anahitaji msaada, hilo nakubali kabisa. Ugomvi wangu ni pale ambapo miezi mitatu imeisha, pesa imetumika, mtoto kapata nafasi, halafu fomu ya afya inaletwa hospitali jioni ya mwisho. Kesho anaripoti. Mzazi anaegemea dirisha: "Nesi, tusaidie tu mhuri, huyu mzima huyu, hajaumwa hata siku moja."

Mama, mhuri haupimi mtu.

Kwa ambaye hajaiona, fomu hiyo inakuja pamoja na maelekezo ya kujiunga na shule, ukurasa mmoja au miwili, na anaijaza daktari. Zinatofautiana shule na shule, lakini nyingi zinauliza uzito, macho, masikio, meno, kifua, damu, mkojo, choo, na kama mtoto ana ugonjwa wa kudumu. Kwa wasichana mara nyingi kuna na kipimo cha mimba. Sasa hebu niambie, hayo yote tuyafanye saa ngapi, na nyuma yako wamesimama wengine 30 wote wanaripoti kesho?

Chukua macho tu. Mtoto haoni ubao vizuri, na hawezi kukuambia kwa sababu yeye anadhani kila mtu anaona hivyo hivyo. Akikaa mbele anakuwa wa tano, akihamishiwa nyuma anakuwa wa arobaini, nyumbani anaitwa mvivu. Anakunja uso akitazama mbali, ananakili kwa jirani, anashika daftari karibu na pua. Kumpima ni dakika chache: anasimama mita 6 kutoka kwenye ubao wa herufi, anaziba jicho moja, anasoma, anaziba jingine. Akionekana ana shida tunamwandikia aende kwenye kliniki ya macho. Umelipa twisheni ya miezi mitatu kwa mtoto ambaye shida yake ilikuwa miwani! Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu dawa yake ni rahisi.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike leo. Kuna wazazi wanaochelewesha fomu kwa sababu ya shughuli, hao nawaelewa. Lakini kuna wanaochelewesha makusudi. Wanajua mtoto ana kitu, wanataka daktari asipate muda wa kuuliza. Mtoto ana selimundu, ana pumu, ana kifafa, anakojoa kitandani, anatumia dawa za kila siku. Na pale kwenye "ugonjwa wa kudumu" mzazi anataka paandikwe HAKUNA, kwa kuogopa shule itamkataa.

Naijua hiyo hofu. Umehangaika na huyo mtoto tangu mchanga, leo kapata nafasi ambayo hata watoto wazima wameikosa, halafu neno moja kwenye karatasi likuharibie? Lakini tufikirie pamoja huyo mtoto anakwenda wapi.

Sisi tuko huku chini, Mombo joto, usiku tunalala na shuka moja na bado tunalalamika. Ukipanda kilomita 30 na kitu tu, ukapita Soni, ukafika Lushoto, umebadilisha nchi. Januari hali bado nzuri, ndiyo maana mzazi akimpeleka mtoto anarudi akisema "mbona baridi ya kawaida tu." Ngoja mwezi wa sita mpaka wa nane. Ukungu, manyunyu, maji ya kuoga kama yametoka kwenye friji. Na wale wa kidato cha tano ndio wanaripoti Julai, yaani katikati kabisa ya baridi.

Mtoto mwenye selimundu, hiyo tunayoiita siko seli, baridi ni adui yake. Baridi, kukosa maji ya kunywa, kukimbizwa mchakamchaka mpaka achoke, maambukizi, vyote vinaweza kuamsha yale maumivu ya mifupa na kifua. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani, makadirio yanataja watoto kama 11,000 kila mwaka, kwa hiyo usijione uko peke yako. Mtoto huyu anaweza kusoma bweni, wapo na wanafaulu. Ila lazima matroni ajue. Ajue kwamba akisema mguu unauma siyo kwamba anakwepa kufagia. Ajue kwamba homa kwa huyu mtoto haisubiri asubuhi, anapelekwa hospitali usiku huo huo. Ajue anahitaji maji muda wote, sweta la ziada na dawa yake ya kila siku. Sasa kama umeandika HAKUNA, matroni atajuaje? Atampa panadol na kumwambia alale. Na mtoto mwenyewe umeshamfunga mdomo: "usimwambie mtu." Ana miaka 13, maumivu yamemshika saa nane usiku, anang'ata shuka kwa sababu mama alisema asiseme.

Kwa mwenye pumu ni hivyo hivyo. Vumbi la bweni, moshi wa kuni wa jikoni, baridi ya alfajiri. Dawa yake ya kuvuta inatakiwa ikae mfukoni mwake, isifungiwe kabatini na ufunguo ukaondoka na mtu aliyekwenda sokoni. Hilo linapangwa na shule siku ya kuripoti, na huwezi kulipanga kama umeficha.

Kifafa ndicho kinachofichwa kuliko vyote, kwa sababu bado kuna watu wanaamini povu linaambukiza. Haliambukizi. Mtoto akianguka wenzake wanakimbia, mtoto anabaki peke yake, na hapo ndipo hatari ilipo. Matroni akijua mapema atampa kitanda cha chini cha dabo deka, hatampanga zamu ya kuota moto jikoni, atahakikisha anameza dawa bila kuruka na analala usingizi wa kutosha. Na atawafundisha wenzake wawili watatu: mgeuzeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na degedege likizidi dakika 5, hospitali.

Kukojoa kitandani nalo naliweka hapa ingawa wengi hamtaki kulisikia. Mtoto wa miaka 12 au 13 anayekojoa siyo mchafu wala hajalogwa. Kwanza aletwe tumpime mkojo na sukari, maana wakati mwingine kuna sababu ya kutibika. Kama hakuna, nenda kaongee na matroni pembeni, taratibu, mwanamke kwa mwanamke. Mnunulie mpira wa kutandika juu ya godoro, shuka za ziada, na muombe matroni amwamshe usiku. Umepona aibu kwa mazungumzo ya dakika kumi. Ukificha, bweni zima litajua ndani ya wiki, na mtoto atakupigia simu kwamba hataki shule bila kukuambia kwa nini.

Kuhusu watoto walio kwenye dawa za CTC, hili ni tofauti kidogo na nataka mnielewe vizuri. Siyo kila mtu shuleni anatakiwa kujua. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inalinda siri ya mtu na inakataza ubaguzi, na hakuna mwalimu mwenye haki ya kulitangaza hilo. Ila mtoto hawezi kuficha vidonge chini ya godoro na kuvimeza chooni kwa miaka minne. Ataruka, ataacha. Kabla hajaondoka, nenda naye kwenye kliniki yake, waambie anakwenda bweni wapi na likizo ni lini, wakupangie dawa za kumtosha au wamuunganishe na kituo cha jirani na shule. Halafu mchague mtu mmoja tu pale shuleni wa kumwamini, mmoja, na mtoto mwenyewe awepo mkizungumza.

Haya, turudi kwenye hofu. "Nesi, je wakimkataa?" Sitakudanganya kwamba haiwezi kutokea. Mimi naona shule inayomkataa mtoto kwa sababu ya pumu inakosea, na mzazi ana haki ya kuuliza na kupewa jibu linaloeleweka. Lakini pia kama shule inasema kabisa haina mtu wa kumwangalia usiku na haina gari la kumpeleka hospitali, basi bora ulijue hilo Desemba ukiwa nyumbani. Utatafuta shule ya kutwa, au bweni lililo karibu na hospitali. Ukilijua Julai kwa kupigiwa simu usiku, kutoka Mombo kupanda mlima usiku siyo mchezo.

Na shule nazo niwaseme. Mnadai fomu, mnaikusanya, mnaitia kwenye faili moja na risiti za ada, basi. Nani anaisoma? Mama, siku ya kuripoti ukishamaliza kuhesabu ndoo na mafagio, uliza hilo swali kwa sauti: fomu ya afya ya mwanangu anaisoma nani, na nani analala karibu na bweni? Ukiona wanatazamana, umepata jibu. Kwa wadogo kabisa, mnakumbuka serikali ilishazuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne tangu Machi 2023, na mimi niliunga mkono. Mtoto wa miaka 7 hawezi kueleza kifua kinambana vipi.

Kipimo cha mimba niseme sentensi mbili. Usimpeleke binti kupimwa bila kumwambia anapimwa nini, siyo haki, na kinamvunjia heshima hata kama hana kitu. Na ikitokea anayo, maisha yake ya shule hayajaisha, tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu waliojifungua warudi shuleni, kwa hiyo mlete kliniki mapema badala ya kumfukuza nyumbani.

Kwa ambao usaili bado uko mbele, mambo machache. Usingizi kwanza: mtoto wa umri huo anahitaji saa 9 mpaka 12 kila usiku, na twisheni ya mpaka saa nne usiku ukichanganya na simu inamwibia zote. Anachosoma usiku wa manane hakikai. Pili, tumbo linalouma kila asubuhi ya jaribio na kupona mchana, mara nyingi siyo minyoo wala vidonda, ni hofu. Mpimishe, ndiyo, lakini punguza na maneno ya "ukifeli utaniua." Tatu, zile kona za Mombo mpaka Soni mnazijua. Watoto wangapi wanafika kwenye chumba cha mtihani wameshatapika, kichwa kinazunguka? Kama una ndugu juu, mpandishe siku moja kabla. Kama huna, mpe uji mwepesi na siyo chapati za mafuta na maharage, akae mbele atazame barabara, mfike mapema anyoshe miguu.

Na nyinyi wenye wa darasa la kwanza: mtoto wa miaka 5 au 6 aliyelia kwenye usaili wa shule ya Kiingereza hajafeli chochote. Ila akiwa anachelewa kujibu, anaongeza sauti ya televisheni, au masikio yanatoa usaha mara kwa mara, mlete apimwe masikio kabla hamjamwita mzito. Kama una binti wa miaka 9 mpaka 14, ulizia hapo hapo chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Tangu 2024 ni dozi moja tu, haina malipo, na likizo ndiyo wakati wake.

Njooni wiki hii au ijayo, asubuhi, katikati ya wiki ndiyo foleni fupi. Mje na mtoto mwenyewe, siyo fomu peke yake, maana wapo wanaoleta karatasi mtoto kabaki kwa bibi. Mje na kadi yake ya kliniki ya utotoni kama bado ipo, dawa anazotumia, na pesa kidogo ya vipimo. Mwenye jambo la siri asiandike hapa mbele za watu, anitumie ujumbe pembeni, nikitoka zamu nitajibu.