Rahisi Isivunje Upishi: Maoni Yangu Kuhusu Simu za Upepo za Bei Nafuu

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa rahisi yavunja upishi. Walimaanisha kwamba anayekimbilia cha bei ya chini huenda akaharibu chungu kizima. Kwa muda mrefu niliidhania methali hii kuwa ya matajiri, kwani nani hapendi rahisi? Lakini mwaka huu simu mbili za upepo, zile ambazo wengi wetu huziita wokitoki, zimenifanya niifikirie upya. Siikubali yote, wala siikatai yote. Naomba unisikilize hadi mwisho ndipo unihukumu.

Wiki moja kabla ya mbio za nyika, mwenzetu mmoja katika chama cha sayansi alikuja na simu mbili za upepo alizoazima kwa kaka yake. Zilikuwa ndogo, za kushikwa mkononi, zenye eriali fupi ya mpira. Tulipanga mmoja wetu akae mtoni na mwingine uwanjani, ili mkimbiaji akianguka habari zifike mara moja. Wazo zuri, au sivyo? Basi siku ya Jumamosi tukaenda nyuma ya maktaba kuzijaribu. Tulibonyeza namba yoyote tu, bora ilikubali. "Halo, halo, unanipata?" Tulicheka, tukaimba, tukaigiza watangazaji wa mpira. Baada ya kama dakika kumi hivi, sauti ya mtu mzima ikaingia, kali kama pilipili: "Nyinyi watoto, tokeni kwenye laini! Huku kuna watu wako kazini!"

Walikuwa walinzi wa mahali fulani karibu na shule. Katika simu za aina hii, watu wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja kwenye masafa mamoja, mwenye mawimbi yenye nguvu zaidi humfunika mwenzake. Kwa hivyo dakika zile kumi huenda tulikuwa tumewaziba midomo bila kujua. Hatujui walitaka kuambiana nini. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Mwalimu wetu wa Fizikia alipopata habari alizichukua akazifungia kabatini. Tulinung'unika sana. Kisha siku ya mbio ikafika, na mkimbiaji mmoja wa Kidato cha Kwanza akazimia kule mtoni, bondeni, mahali ambapo hata simu ya mwalimu haikupata mtandao. Ilibidi mwenzake apande kilima chote kwa miguu kuja kuita watu wa huduma ya kwanza. Tunamshukuru Mungu alipona. Lakini jioni ile maneno yalikuwa moto. "Si mnaona? Eti sheria! Sheria karibu ituulie mtu!" Mimi pia nilisema hivyo, tena kwa sauti. Leo naandika kwa sababu nimeyarudia maneno yangu na kuyabadilisha nusu.

Hebu kwanza tukijue kifaa chenyewe. Simu maarufu zaidi ya aina hii ni Baofeng UV-5R, ambayo hutengenezwa Uchina na ilianza kuuzwa mwaka wa 2012. Huko Marekani watu wameinunua kwa chini ya dola 30, ilhali zamani simu ya mkononi ya namna hiyo iligharimu mamia ya dola. Nguvu yake ni wati 4 au 5 hivi. Inaweza kutuma mawimbi kuanzia megahezi 136 hadi 174, na tena kuanzia 400 hadi 480 au 520, kutegemea toleo.

Sasa shika kalamu tupige hesabu. Kuna watu waitwao watumiaji redio wa ridhaa, yaani wanaowasiliana kwa redio kwa kujifunza na kwa mapenzi, si kwa malipo. Katika eneo la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ambalo Afrika imo pamoja na Ulaya, watu hawa wametengewa megahezi 144 hadi 146, na 430 hadi 440. Jumla ni megahezi 12. Simu ile inaweza kutuma katika megahezi zaidi ya 100! Hizo nyingine zina wenyewe. Meli ikipata shida baharini huita kwenye 156.8, ile inayoitwa chaneli ya 16. Kwenye 406 kuna vifaa vya dharura vya ndege na meli, ambavyo huita setilaiti ajali inapotokea. Kwingineko wamo watu kama wale walinzi wetu. Kifaa hiki ni kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba yake, kumbe unafungua nyumba zote za kijiji.

Hiyo ni kasoro ya kwanza. Ya pili haionekani wala haisikiki kwa yule anayezungumza. Mtambo ukituma kwenye megahezi 145, hutoa pia mawimbi ya ziada kwenye mara mbili yake, yaani 290, na mara tatu, yaani 435, na kuendelea. Mtambo mzuri una vichujio vya kuyazuia. Mtambo uliotengenezwa kwa kubana senti huenda ukawa na vichujio hafifu. Basi wewe unadhani unaongea hapa, kumbe unamwaga takataka kwa jirani ambaye hata humjui.

Sheria ya Marekani imeweka kiwango. Kwa redio za ridhaa zenye nguvu isiyozidi wati 25, katika masafa ya megahezi 30 hadi 225, mawimbi ya ziada hayafai kuzidi sehemu 25 za milioni moja ya wati. Gawanya wati 5 kwa kiasi hicho, utapata 200,000. Maana yake ni kuwa uchafu usizidi sehemu moja kwa kila sehemu 200,000 za wimbi lililo safi. Chama cha watumiaji redio wa ridhaa cha Marekani, ARRL, kilichoanzishwa mwaka wa 1914, kina maabara yake. Maabara hiyo ilizipima simu nyingi za mkononi, na ikakuta kwamba nyingi kati ya zile za bei ya chini hazikukifikia kiwango hicho.

Labda utauliza, je, kwa nini ziliachwa zikauzwa? Swali hili lilinishinda hadi Mwalimu aliponieleza. Huko Marekani, mtambo uliotengenezwa kwa masafa ya ridhaa pekee kwa kawaida haulazimiki kupata cheti cha serikali kabla ya kuuzwa. Sababu ni kwamba mtumiaji wa ridhaa amefanya mtihani, ana leseni, na anaruhusiwa hata kujiundia mtambo wake mwenyewe. Basi jukumu la kuhakikisha mawimbi ni safi linamwangukia yeye. Ni heshima kubwa aliyopewa, kama mwanafunzi anayeachiwa kusahihisha kazi yake mwenyewe.

Lakini wapi! Wafanyabiashara waliugeuza mlango huo kuwa uchochoro. Simu zinazofungua masafa ya kila mtu zikauziwa kila mtu, mwenye leseni na asiye nayo. Mwaka wa 2018 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilimwandikia mwuzaji mmoja onyo rasmi kuhusu toleo moja la UV-5R, kwa sababu lilituma kwenye masafa lisiyoruhusiwa. Mnamo Septemba mwaka huohuo ikatoa tangazo kwa wote: simu inayoweza kutuma nje ya masafa ya ridhaa, katika huduma zinazohitaji cheti, haifai kuingizwa nchini wala kuuzwa bila cheti hicho. Na hata mwenye leseni ya ridhaa akae katika masafa yake.

Hapa kwetu je? Tunayo Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka wa 1998, na tunayo Mamlaka ya Mawasiliano. Mtambo wa redio unahitaji idhini ya Mamlaka, na kuutumia kunahitaji leseni. Leseni ya ridhaa ipo, na wenye nayo hutambulika kwa majina ya wito yanayoanza na 5Z4. Kwa hivyo kule nyuma ya maktaba tulikuwa na makosa, hata kama tulikuwa tunacheza tu. Mwalimu hakuwa na roho mbaya.

Wako wanaosema tuzipige marufuku kabisa simu hizi. Mimi nawapinga. Kama kila kitu cha bei nafuu kitafukuzwa, mtoto wa mkulima atajifunza redio kwa kutazama picha kitabuni. Wengi wanaopenda redio duniani sasa wameanza na kijisimu hiki hiki cha dola chache. Kukiondoa ni kuufunga mlango na kuwaachia wenye pesa peke yao.

Wako pia wanaosema, "Ah, ni wati tano tu, nani ataumia?" Hao nawapinga zaidi. Wati 5 ukiwa juu ya kilima zinafika mbali sana, kwa kuwa mawimbi haya husafiri vizuri pale yasipozuiwa na mlima. Na hebu turudi mtoni. Kama tungekuwa na simu zetu siku ile, na wakati huohuo watoto wengine wakawa nyuma ya maktaba yao wakiigiza mpira kwenye namba ileile, kilio chetu kingesikika wapi? Simu ya upepo huokoa maisha pale tu kila mtu anapokaa mahali pake. Sheria tuliyoilaani jioni ile ndiyo ambayo ingetufanya tusikike.

Historia nayo ina funzo. Titanic ilipozama Aprili 1912, watu wengi Marekani waliwalaumu watumiaji wa ridhaa kwa kujaza anga kelele na kuvuruga habari za ajali. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyotaka kila mmoja awe na leseni, na ikawasukuma hadi kwenye mawimbi yasiyozidi urefu wa mita 200, ambayo wakati huo yalidhaniwa hayana faida. Hawakukata tamaa. Walijifunza, na mwaka wa 1923 wakazungumza na Ufaransa ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki kwa mawimbi hayohayo yaliyodharauliwa. Waliporudishiwa heshima, ilikuwa ni kwa elimu yao, si kwa ubishi.

Basi maoni yangu ni haya. Kwanza, mwuzaji asijifanye hajui. Anayeuza simu kwa jina la ridhaa amwombe mnunuzi leseni, na simu yenyewe ije imefungwa isitume nje ya masafa ya ridhaa. Mwenye duka la dawa hawezi kusema, "Mimi nauza tu, kunywa ni shauri yako."

Pili, mwenye leseni asijifiche nyuma ya bei. Kusema "ilikuwa rahisi" si jibu. Siku hizi kuna vipimo vidogo vya kuonyesha mawimbi, kama tinySA, ambavyo bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya mitambo ya maabara. Kikundi kinaweza kuchanga kikanunua kimoja, kikazipima simu za wanachama wote. Ikipatikana chafu, iongezewe kichujio au iwekwe kando.

Tatu, na hili naliambia shule yangu kwa adabu zote, kuzifungia simu kabatini kulikuwa sawa lakini hakutoshi. Sheria inayosema "usifanye" bila kuonyesha njia ya kufanya hutufundisha kujificha tu. Tayari najua wenzangu wanaopanga kuleta simu nyingine kisirisiri kwa ajili ya mbio za mwaka ujao. Badala ya hivyo, naomba Mwalimu wa Fizikia atuongoze chama cha sayansi kiiandikie Mamlaka, tuulize njia halali ya kupata leseni, tusome, na tukiambiwa kuna mtihani tuufanye. Somo la mawimbi tunalisoma darasani hata hivyo. Na mbio zikifika kabla ya leseni, tuwekeane watu wenye filimbi kutoka mtoni hadi uwanjani, kila mmoja akimsikia mwenzake. Si jambo la kujivunia, lakini halimzibi mtu mdomo.

Nikitamatisha, nairudia methali yangu. Si rahisi inayovunja upishi, bali ni mpishi asiyeonja. Simu zetu mbili bado ziko kabatini. Kaka yake mwenzetu ameziulizia mara tatu, na kila mara ameambiwa aje na leseni. Laiti siku moja angeikuta leseni hiyo imebandikwa ukutani mwa maabara yetu, yenye jina la chama chetu. Na wale walinzi, popote walipo, kama jarida hili litawafikia, naomba mtuwie radhi. Hatutaingia tena kwenye laini yenu.