Meno ya Watu Wazima

Pap Onditi, katika nchi ya Nyakach, wako wazee wasio na meno sita ya mbele ya chini, yaani manne ya katikati na chonge mbili. Ni desturi ya zamani ya Waluo, iitwayo nak. Wengine hueleza kuwa ilikuwa kinga: mgonjwa wa pepopunda, taya likikaza, aliweza kunyweshwa uji kwa pengo lile.

Siku hizi mzee kama huyo huenda akataka meno ya bandia, wala si jambo la kuchekwa. Lakini pengo la miaka mingi si lile la kwanza. Mfupa wa taya umepungua, meno ya jirani yamelalia pengoni, na ya juu, kwa kukosa wenzi wa kukutana nao, huenda yameshuka. Basi pengine daktari wa meno hulazimika kuyanyoosha kwanza kwa waya.

Wengi hudhani waya ni za watoto tu. Sivyo. Hata mfupa wa mtu mzima hujijenga upya jino likisukumwa pole pole, ijapokuwa kazi yaweza kuchukua miaka miwili, na nauli ya Kisumu kila mara. Kinachozuia si umri, bali ufizi. Ufizi unaotoka damu hauna budi kutibiwa kwanza, kwa maana jino lililoshikwa na ufizi mbovu likivutwa huzidi kulegea.

Hata waya zikiisha kutolewa, meno hutaka kurudi yalikotoka. Ndiyo sababu daktari humpa mtu kifaa cha kuvaa usiku, naye asikisahau sandukuni.