Hojaji Ikibisha Hodi

Ni nadra kumpata mkazi wa Base Camp aliyeishi hapa miaka kadhaa bila kubishiwa hodi na mtu mwenye hojaji. Wageni hao hutoka Mbarara, Kampala na ng'ambo. Wengi wao ni waungwana: huvua viatu mlangoni, wakaketi mkekani pamoja na mwenyeji. Huuliza juu ya usingizi, ndoto, na yale mtu aliyoyashuhudia kabla ya kuvuka mpaka. Kisha huaga wakaenda zao. Mama mmoja, jirani yangu, alinieleza kwamba alijibu "ndiyo" kwa kila swali, hata kwa yale asiyoyaelewa, kwa kuwa alidhani majibu hayo yangempeleka Kanada. Sikumcheka. Hakuna aliyemweleza tofauti iliyopo kati ya utafiti na maombi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, na mimi mwalimu wa lugha nimo miongoni mwa wasiomweleza.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba dhana za msingi za utafiti wa saikolojia zina nafasi katika kipindi cha Kiswahili. Wapo walimu wenzangu wasemao kwamba hayo ni mambo ya chuo kikuu. Nawajibu kwamba hojaji haingoji mtu afike chuo kikuu.

Mfano ulio bora kuliko yote tunao papa hapa Nakivale. Mwaka 2008 Frank Neuner, Patience Onyut na wenzao walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya katika makazi haya. Waliwashirikisha wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, waliokuwa wakiteswa na kumbukumbu za vita: majinamizi, mishtuko, kukwepa kila kinachokumbusha yaliyopita. Watu 111 walipewa tiba ya kusimulia maisha, ambayo mgonjwa huyapanga matukio yake kwa mfuatano toka utotoni na kuyasimulia kwa kina yale yaliyomwumiza. Wengine 111 walipata ushauri nasaha wa kawaida. Waliobaki, 55, hawakupewa tiba, ila hali yao ilifuatiliwa. Nao washauri hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida wa jamii waliopewa mafunzo.

Sasa tazama, mwanafunzi, jinsi istilahi zinavyofanya kazi. Watu hao waligawanywa kwa nasibu, yaani kama kwa kura. Lau mtafiti angechagua mwenyewe, huenda angewapa tiba wale wenye nafuu kidogo, kisha akajisifu kwamba tiba imewaponya. Wale 55 huitwa kundi linganishi. Wanafunzi wangu hukasirika wanaposikia habari zao. Huona ni ukatili kumfuatilia mgonjwa bila kumtibu. Hasira hiyo naiheshimu, tena siitaki izimike. Lakini zingatieni tarakimu. Mwishoni, asilimia 70 ya waliosimulia maisha yao hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Kwa waliopewa ushauri nasaha ilikuwa asilimia 65. Na kwa wale wasiotibiwa, asilimia 37. Maana yake ni kwamba zaidi ya theluthi moja walipata nafuu pasipo tiba yoyote. Bila kundi linganishi, nafuu hiyo nayo ingehesabiwa kuwa kazi ya daktari.

Na ile tofauti ya 70 na 65? Gazeti lenye haraka lingeandika kwamba tiba ya kwanza imeishinda ya pili. Watafiti hawakusema hivyo, kwa sababu pengo dogo namna hiyo laweza kuletwa na bahati tu. Walichokiona ni kwamba waliosimulia maisha yao waliikatiza tiba kwa uchache kuliko wale wa ushauri nasaha. Napenda unyofu wa aina hiyo.

Lipo pia suala la uhalali wa kipimo, yaani kama chombo kinapima kile kinachodai kupima. Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapopata la kusema. Juzi niligawa kidato cha tatu makundi mawili. La kwanza lilitafsiri kwa Kiswahili sentensi ya Kiingereza yenye maana ya mtu kujiona yuko mbali na wenzake moyoni. La pili, bila kuiona sentensi ya awali, likairudisha tafsiri hiyo katika Kiingereza. Zoezi hili huitwa tafsiri rejeshi. Kundi la kwanza liliandika "nimetengwa na watu". Iliporudi, ilikuwa shutuma: watu wamenitenga. Kauli ya kutendwa imeigeuza hisia ikawa tendo la jirani. Mkimbizi aliyetengwa kweli na jirani zake atajibu "ndiyo", naye ataandikwa kuwa mgonjwa. Au lichukue neno "mawazo". Ukimwuliza Mkongomani wa hapa kama ana mawazo, hatakueleza fikra zake. Atakueleza madeni, ugonjwa wa mtoto, na mgao wa chakula uliopunguzwa.

Kuhusu ridhaa nitasema machache, maana sharti lake ni wazi. Mtafitiwa ana haki ya kukataa, ya kuacha katikati, na ya kujua kwamba jibu lake halitamwongezea wala kumpunguzia msaada. Utafiti wenyewe huhitaji kibali cha Baraza la Kitaifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, nawe waweza kuomba kuonyeshwa kibali hicho kabla ya kutoa jina lako. Ninalolidai zaidi ni matokeo. Aliyetoa usiku wake wa majinamizi kuwa data astahili kurudishiwa walau ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza kilichogunduliwa.

Wanafunzi wangu wameanza kuandika karatasi ya maelezo ya ridhaa kwa lugha ambayo yule mama jirani ataielewa akisomewa. Rasimu ya kwanza aliikataa. Alisema sentensi ya tatu inamtisha.